Sidii Tupu ya Bibi Anaeli

Nyumbani kwa akina Husna, mjini Same, kulikuwa na deki za aina mbili, na zote zilikuwa juu yake. Ya kwanza ilikuwa ya ndoo na tambara. Kila alasiri akitoka shule alivua sare, akainama, akapiga deki sakafu kuanzia chumbani hadi barazani, maana upepo wa Same hauna adabu, huingiza vumbi hata ndani ya chumba kilichofungwa. Ya pili ilikuwa deki ya kuchezeshea picha, iliyokaa kando ya televisheni kuukuu juu ya meza ndogo chini ya kitambaa cheupe cha kufuma. Ile ya kwanza aliipiga kwa kununa. Hii ya pili aliipangusa taratibu huku akiimba.

Baba yake, Bwana Muhidin, aliinunua kwa kiinua mgongo chake. Shamba la mkonge alilolifanyia kazi miaka kumi na minane lilikuwa limeuzwa, na mwenye mali mpya akapunguza watu. Miaka hiyo maduka yalikuwa yamefurika vitu vya ng'ambo, redio na televisheni zikipangwa hadi nje barabarani, huku wanaozitazama hawana uhakika wa sukari ya kesho. Bwana Muhidin alitoka nyumbani akisema anakwenda kununua mabati, akarudi na deki. Mama Husna alimnunia wiki nzima. Kisha baba akaenda bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua samaki, mama akawa anauza perege sokoni, na deki ikabaki kuwa kitu pekee cha fahari ndani ya nyumba ile.

Fahari kubwa zaidi alikuwa nayo Husna. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mtaa mzima ulimwita fundi. Alijua waya mwekundu unachomekwa wapi na wa njano wapi. Alijua mahali pa kuipiga deki kibao kidogo picha ikiganda. Jumamosi watoto wakijazana sebuleni, yeye ndiye aliyeshika rimoti, na ole wake aliyeigusa bila ruhusa. Ukimuuliza lolote kuhusu mashine ile, jibu lilikuwa moja: "Hiyo ndogo!" Neno "sijui" hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Siku moja ya gulio, Husna alimpelekea mama yake chai sokoni. Kwenye meza ya jirani, mahali pa ndizi na tangawizi, alikuwepo Bibi Anaeli, mama mtu mzima wa Vudee aliyeshuka mlimani kila wiki kuuza mazao yake. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba kipya, na alikuwa akiuza ndizi hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bibi," Husna alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nakungoja wewe." Bibi Anaeli alifungua pindo la kanga, akatoa kibahasha, na ndani yake sidii moja inayong'aa iliyoandikwa kwa mkono: *Harusi*. "Mwanangu Abednego ameoa mwezi uliopita, huko Songea anakofundisha. Mimi goti hili halikuniruhusu kusafiri. Akaniambia, usijali mama, nitakutumia harusi yote uione. Ndiyo hii. Mama yako anasema wewe ndiye fundi wa hizi mashine."

"Itacheza, Bibi. Deki yetu inacheza sidii zote," alisema Husna bila hata kuigeuza kuitazama. Kwake yeye, kama kwa watoto wote wa mtaa, kitu chochote cha mviringo kinachong'aa kiliitwa sidii, basi.

Mama Husna akacheka. "Nendeni, Mama Abednego. Ndizi zako nitaziuza mimi. Lakini mbona umevaa hivyo, mpaka kilemba?"

"Sasa wewe, Mama Husna, utakwenda kwenye harusi ya mwanao na nguo za shambani?"

Nyumbani, habari ilikuwa imeshafika kabla yao. Doris wa nyumba ya pili na wenzake watano walikuwa wamekwisha kukaa mkekani. Bibi Anaeli alipewa kiti cha mbele. Alikaa wima, mikono mapajani, kama aliye kanisani kweli. Husna aliiweka sidii kwa madaha, akabonyeza. Deki ikanguruma, ikazunguka, ikatulia. Kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno mawili ya Kiingereza: hakuna sidii.

Husna aliitoa, akairudisha. Maneno yale yale. Akaipiga kibao kidogo mahali pake. Maneno yale yale.

"Inafanya nini?" Bibi Anaeli aliuliza.

"Bado inasoma, Bibi."

"Mbona inasoma kimyakimya?"

Watoto wakacheka. Masikio ya Husna yakawa ya moto. Alichukua sidii akaenda nayo jikoni, akaitazama, akaona alama za vidole, akajiambia kwamba ni uchafu tu. Na uchafu Husna aliujua dawa yake. Alichota jivu kiganjani, akadondoshea maji, akaisugua kwa nguvu kama anavyosugua sufuria la ugali. Alipoisuuza, aliona mistari mingi myembamba imetapakaa upande unaong'aa. Aliikausha haraka kwa sketi yake, akarudi sebuleni, akaiweka tena. Hakuna sidii.

"Vipi, fundi?" Doris aliuliza.

Sasa hapo, msomaji, jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko yote. Lakini watoto sita walikuwa wanamtazama, na Bibi Anaeli naye anamtazama kwa macho yenye matumaini makubwa, na Husna aliona haya.

"Bibi," alisema, "hii sidii haina kitu. Ni tupu."

"Tupu?"

"Tupu kabisa."

Bibi Anaeli alinyoosha mkono. Aliipokea, akairudisha kwenye bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga mafundo mawili. Kisha akashukuru kwa kukaribishwa, akatoka, akichechemea kuelekea sokoni na gauni lake la kanisani.

Gulio lililofuata Bibi Anaeli hakuonekana. La pili pia hakuja. Mama Husna alishangaa, na Husna akajifanya hasikii. La tatu alikuja, lakini hakuwa yule anayetaniana na wateja. Alikaa kwenye kigoda na kumpimia mtu tangawizi bila hata kumtazama usoni. Husna alifika na chupa ya chai akamkuta anazungumza na mama yake kwa sauti ya chini.

"Amechukia kwa sababu sikwenda," Bibi Anaeli alikuwa akisema. "Angenigombeza tu, ningemwelewa. Lakini kunitumia sahani tupu, Mama Husna! Mimi nimlee peke yangu, nimsomeshe kwa ndizi hizi hizi, halafu anitumie sahani tupu. Siku hizi akipiga simu kwa mchungaji, nasema mwambieni niko shambani. Sitaki hata kumsikia."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua kikapu chake, akaenda kununua chumvi kabla ya kupanda gari. Husna alibaki amesimama na chupa yake ya chai. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa akimshuku. Ila sura ya Bibi Anaeli ilikuwa mbele yake hata alipofumba macho.

"Mama," alisema, "ile sidii sijui kama ni tupu."

Mama Husna, aliyekuwa anapara magamba ya perege, alisimamisha kisu. "Si ulisema wewe mwenyewe?"

"Deki haikuisoma. Iliandika hakuna sidii."

"Sasa hilo neno tupu ulilitoa wapi?"

"Nililitunga."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Walikuwa wananitazama," Husna alisema, akaanza kulia.

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alinawa mikono, akafunika samaki, akamshika Husna mkono. "Gari la Vudee halijaondoka. Twende ukamwambie, na useme mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Walimkuta Bibi Anaeli amekwisha kupanda, ameketi karibu na dirisha na kikapu chake. Abiria walikuwa wengi na wote walikuwa wanasikia. Husna alisimama chini pale, vumbi la stendi likimpuliza usoni.

"Bibi, nilikudanganya. Sijui kama sidii yako ni tupu. Deki yetu ilishindwa kuisoma, na mimi sikujua kwa nini, nikasema ni tupu."

Bibi Anaeli alikisogeza kikapu, akamwinamia dirishani. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Bibi."

"Na mimi sidii yenyewe nimeitundika shambani kwa kamba. Inatishia ndege wasifukue mahindi." Gari likawasha injini. Bibi akageuza uso, akatazama mbele. Hakuaga.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kwa Husna kuliko muhula mzima. Usiku wa pili mvua ilinyesha milimani, na alipoamka, kitu cha kwanza alichokiwaza ni sidii inayoning'inia kwenye kamba. Jumamosi watoto walikuja kutaka picha, akawaambia leo hapana.

Gulio la nne, Bibi Anaeli alikuja na sidii, kamba yake ikiwa bado imefungwa kwenye tundu la katikati. Alikuwa amevaa nguo zake za kila siku. "Nimeileta," alisema, "lakini sitaki kuambiwa maneno ya kutunga tena."

Mama Husna aliwapeleka kwa Dada Esta, mwenye stesheneri iliyo karibu na stendi, mahali watu wanapochapa barua na kutoa fotokopi. Dada Esta aliifungua kamba, akaiosha sidii kwa maji safi, akaikausha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Kisha akaisogeza dirishani na kumwonyesha Husna herufi ndogo zilizochapwa karibu na lile tundu.

"Soma hapa."

"DVD," Husna alisoma.

"Na deki yenu usoni imeandikwa nini?"

Husna alikuwa ameipangusa deki ile kila siku kwa miaka miwili. "VCD," alisema polepole.

"Basi ndiyo hivyo. Kwa sura zinafanana, wala si wewe peke yako unayezichanganya. Lakini maandishi ya DVD ni madogo zaidi na yamebanana sana, jicho la deki ya VCD haliwezi kuyaona. Haina kosa, haikutengenezwa kwa ajili yake. Ngoja tuijaribu kwenye yangu, ni ya DVD."

Aliiweka kwenye deki yake mwenyewe. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaleta maandishi kwamba haifahamu kilichomo. Bibi Anaeli akashusha pumzi. "Hata hii?"

"Usikate tamaa, mama. Hii imeyaona maandishi, ila haijui namna yalivyopangwa. Nadhani aliyeitengeneza aliweka mafaili ya kompyuta badala ya kuipanga kama DVD ya kawaida."

"Ah!" Bibi Anaeli alisema. "Ni kama mimi nikiletewa barua ya Kiingereza. Herufi naziona zote, lakini siwezi kusema karatasi ni tupu."

Alisema hivyo bila kumtazama Husna, na wala hakuwa amekusudia kumchoma. Lakini Husna alitamani ardhi ipasuke.

Dada Esta akaitia sidii kwenye kompyuta. Ilinguruma kwa muda, na mara kwenye kioo yakajitokeza majina ya mafaili, moja chini ya jingine. Yalikuwa sita. "Harusi hii hapa," alisema Dada Esta. "Imo, mama. Imejaa."

Bibi Anaeli alikaa kwenye benchi taratibu, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ila faili la kwanza linagoma," Dada Esta aliendelea, akiinamia kompyuta. "Linakwama hapa wanapoingia kanisani, picha inakatika vipande vipande. Sidii imekwaruzwa vibaya. Nani kaikwaruza hivi?"

"Ni upepo wa kwetu," alisema Bibi Anaeli. "Ilikuwa shambani wiki tatu, inagongana na mti."

Basi hapo Husna alipata upenyo mzuri wa kutokea. Upepo wa Vudee usingekuja Same kujitetea. Mama yake mwenyewe hakuwa anajua habari za jivu. Husna akaisogelea kompyuta.

"Si upepo," alisema. "Ni mimi. Siku ile niliisugua kwa jivu jikoni. Nilidhani ni chafu."

"Kwa jivu?" Mama Husna alishika kiuno.

"Kwa jivu, mama. Kama sufuria."

Dada Esta alijitahidi asicheke, akashindwa. Bibi Anaeli yeye hakucheka. Alimtazama Husna, na safari hii macho yake yalikuwa yamelegea kidogo. "Hilo hakuna aliyekuuliza," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na umelisema." Akatikisa kichwa, kisha akamgeukia Dada Esta. "Hayo matano yaliyobaki, tunafanyaje niyaone?"

"Nitayabadilisha yawe VCD, deki ya kwao itasoma bila taabu. Ni marefu, yataingia kwenye CD mbili. Nipeni saa kadhaa. Nikimaliza kuyageuza, nayachoma."

Bibi Anaeli alisimama ghafla kama mtu asiye na goti bovu. "Unayachoma! Harusi ya mwanangu, baada ya taabu yote hii, unaichoma moto?"

Sasa walicheka wote, hata Husna, na Dada Esta akaeleza kwamba kuchoma CD ni kuiandika tu, hakuna moto wala moshi. Bibi Anaeli hakuridhika sana. Alikaa pale pale kwenye benchi akiilinda mashine mpaka CD ya pili ilipotoka, akaigusa kuhakikisha haijaungua. Mama Husna akamletea Dada Esta perege wawili wakubwa, wakaagana kwa furaha.

Alasiri Husna aliondoa kitambaa cheupe, akaweka CD ya kwanza. Doris na wenzake walikuwepo tena. "Itacheza?" Doris alinong'ona.

"Sijui," alisema Husna. "Dada Esta amesema itacheza. Tuone."

Deki ilizunguka, na picha ikaja. Waliona kanisa la Songea, kwaya, bibi harusi mwenye aibu nyingi na shela refu. Namna walivyoingia kanisani hawakuiona, na haitaonekana tena kwenye sidii ile. Bibi Anaeli alitaja kila mgeni aliyemtambua, akalalamika kwamba bwana harusi amekonda. CD ya pili ilikuwa ya ukumbini. Watu walikula, walicheza, wakatoa zawadi. Kisha, karibu na mwisho, Abednego alisogea peke yake mpaka sura yake ikajaa kwenye televisheni. Alikuwa analengwalengwa na machozi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu!" Bibi Anaeli aliitikia kwa sauti, akainuka kitini.

Abednego akaendelea kwa Kichasu, lugha ya kwao mlimani. Husna hakuelewa maneno yote, ila aliona namna Bibi Anaeli alivyokuwa akiitikia kila sentensi, na namna alivyonyoosha mkono akaugusa uso wa mwanawe kwenye kioo. Hakuna mtoto aliyecheka. Picha ikakwisha.

"Husna," aliita Bibi Anaeli, bado amesimama. "Umesikia alivyoniamkia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Shikamoo yake ilinifikia mwezi mzima uliopita. Mwanangu alinipa shikamoo, nami mama yake sikumwitikia mpaka leo. Na alipopiga simu, nikamkimbia."

Husna aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mama yake alikuwa mlangoni. Bibi Anaeli akamvuta Husna karibu, akamfuta uso kwa kanga yake.

"Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu. Umesema kweli mbele ya gari zima, na leo ukasema hata la jivu. Ila nikuulize. Siku ile mashine yenu iliandika hakuna sidii. Na sidii ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa ndani yake."

"Umeona? Ilisema uongo, lakini siilaumu. Walioitengeneza hawakuifundisha kusema sijui. Wewe umefundishwa. Nyinyi nyote hapa mmefundishwa." Aliwatazama watoto wote mkekani. "Ungeniambia siku ile, Bibi, sijui, ningeuliza kwa mwingine, na mwanangu angeitikiwa siku ile ile. Neno hilo halimpunguzii mtu ufundi. Mwenye kulisema ndiye anayejifunza. Mwenye kulificha huwaumiza watu ambao hata hawajui, kama Abednego wangu. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Bibi," waliitika.

"Haya. Nani ana simu hapa?"

"Mama yetu anayo!" alisema Doris.

Husna hakusubiri kutumwa. Alitoka mbio kwenda nyumba ya pili kuiazima, na nyuma yake Bibi Anaeli akawa anatafuta karatasi yenye namba ya mwanawe, huku akimwambia Mama Husna kwamba ataanza kwa kumwitikia, mengine yatafuata.